Siku Tulipowagawa Watoto wa Silanga

Niliondoka Nakuru asubuhi moja bila kumuaga mtu, kwa sababu hapakuwa na wa kumuaga. Nilikuwa nimekaanga viazi katika kihoteli karibu na stendi kwa miezi saba, na kwangu miezi saba mahali pamoja ilikuwa mingi. Nilifunga nguo zangu kwenye leso, nikaacha ufunguo juu ya kizingiti, nikaenda mahali magari yanapojaza abiria. La kwanza kujaa lilikuwa la Nairobi. Lingekuwa la Kisumu, leo ningekuwa nawaandikia mambo mengine kabisa, pengine ya samaki.

Naitwa Rispa Nekesa. Shule niliiacha darasa la sita. Karo ilikuwa sababu mojawapo; nyingine ni kwamba nilikuwa na maswali mengi na mwalimu alikuwa na majibu machache. Tangu hapo nimechuma chai, nimeuza mitumba, nimefulia watu, nimepikia wajenzi wa barabara. Kazi hii ya kutembelea watoto kwa niaba ya makanisa, ambayo nimeiacha mwezi uliopita na ninyi mmeipokea, ndiyo pekee iliyoweza kunishika. Mmeniomba niandike tulivyoifanya. Naandika, ila nitakaa zaidi pale tulipokosea, maana pale tulipofanya vizuri mtapaona wenyewe.

Siku yangu ya pili mjini nilikuwa nazurura Silanga, kule Kibera, natafuta kazi yoyote, nikakuta ugomvi mbele ya kibanda cha makaa. Mama mmoja mwenye mikono myeusi hadi viwiko alikuwa anawafokea wanaume wawili waliovaa suti. Nikasimama kusikiliza, kama kawaida yangu. Kumbe mama yule ni pasta, na hao wawili ni wapasta pia. Makanisa yao matatu yalikuwa yanapikia watoto uji, yote siku ya Jumatano. Jumatano mtoto anakunywa vikombe vitatu mpaka tumbo linauma. Alhamisi hakuna hata kimoja.

Nikacheka. Sikuweza kujizuia.

"Unacheka nini?" akauliza mmoja wa wanaume.

"Si mmoja apike leo, mwingine kesho?"

"Na wewe ni wa kanisa gani?"

"Bado sijachagua."

Mama wa makaa akaweka chini debe lake. "Huyu ndiye tunamtaka," akasema. "Hana kanisa, hatapendelea mtu."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa na makanisa, kwa sababu ya kukosa kanisa. Mama huyo ni Pasta Jerusha. Siku za wiki alikuwa anauza makaa, Jumapili anahubiri, na kucha zake hazikuwahi kujua tofauti.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza alinipeleka nyumba sita na hakunieleza lolote mpaka tulipomaliza. Kisha akaniuliza, "Umeona nini?" Nikaanza kumwambia jinsi watu walivyokuwa wanatabasamu. Akanikatiza. "Uso unaweza kuvaliwa kwa ajili ya mgeni. Angalia sufuria. Sufuria kavu yenye vumbi inasema kuliko mama mwenyewe." Alinifunza kukaa mahali ninapoonyeshwa, hata kama ni kwenye mtungi uliopinduliwa. Alinifunza kuondoka kabla chakula hakijaiva, ili wenyeji wasilazimike kunikaribisha. Na alinifunza kutomuuliza mtoto mbele ya mtu anayemlisha.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Gambuti, yale mabuti ya mpira, kwa sababu ya matope ya njia za karibu na bwawa. Daftari nililolifunga katika mfuko wa unga ili lisilowe. Na kamba ya katani. Mtoto akihitaji viatu, nilipima mguu wake kwa kamba, nikafunga fundo, nikaenda nayo soko la mitumba la Toi na kuiingiza ndani ya kila kiatu mpaka kipatikane kinacholingana. Wauza viatu walikuwa wananitania, "Niaje mathe, leo umekuja na miguu mingapi mfukoni?" Sasa ninyi mnapiga picha kwa simu. Jaribuni kuingiza simu ndani ya kiatu.

Makanisa yaliongezeka, ya Kibera na ya Kawangware pia. Sikuyaita kwa majina yaliyoandikwa milangoni, kwa sababu majina hayo ni marefu na yanafanana. Niliyaita kama watu wanavyoyaita: kanisa la mawe, kanisa la ngoma, kanisa la Jumamosi. Jambo moja lilinifurahisha sana. Watu wa kanisa la Jumamosi walikuwa wanakaa na watoto siku ya Jumapili wengine wakiabudu, na hao wengine wanakaa nao Jumamosi. Mpango huo haukutoka kwenye semina yoyote. Ulitoka kwa watu kutokubaliana kuhusu siku ya Mungu, na sijaona tena kutokubaliana kukiwa na faida kiasi hicho.

Baada ya ule ugomvi wa uji, sheria kubwa ya kamati iliyounganisha makanisa hayo ilikuwa kugawana sawasawa. Gunia la maharagwe likija, linapimwa kwa kopo moja, kila kanisa linapata lake, na mtu wa kanisa jingine ndiye anayepima. Blanketi vivyo hivyo, sabuni vivyo hivyo. Hatukugombana tena. Tulijivunia jambo hilo, tukawa tunawaambia wageni. Nadhani hapo ndipo kosa lilipoanza kuota.

Kulikuwa na bibi mmoja Silanga aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Mkubwa ni Achieng', miaka kumi na miwili. Wa pili ni Otieno, miaka minane. Wa mwisho ni Awuor, ambaye hata miaka minne ilikuwa haijatimia. Bibi akafariki. Ndugu walikuja kumchukua kumpeleka nyumbani kuzika, lakini hakuna aliyeweza kuchukua watoto. Kila mmoja alikuwa na wake wanaomtosha. Kamati ikakutana.

Kanisa la mawe likasimama likasema, "Sisi tutachukua mmoja." Kanisa la Jumamosi likasema, "Na sisi mmoja." Kanisa la ngoma likasema, "Basi huyo mdogo aje kwetu." Watoto watatu, makanisa matatu. Watu wakasema amina. Mmoja akasema Mungu ni mwaminifu hata katika hesabu. Mimi nikaandika katika daftari kwa mwandiko wangu bora, nikapiga mstari chini yake. Watoto wenyewe walikuwa nje ya dirisha wamekaa kwenye benchi moja. Hakuna aliyetoka kuwauliza, hata mimi ninayeuliza kila kitu.

Afisa wa watoto alituandikia barua ya ruhusa, lakini hakufurahi. "Huu ni mpango wa muda," alisema. "Shule zikifungwa nataka kuwaona chini ya paa moja, na mtu mzima mmoja anayejibu kwa ajili yao. Msipompata, nitawapeleka watoto vituoni. Na vituo vinapokea watoto kwa umri, mnajua." Sisi tulisikia "mpango wa muda," tukaacha kusikia mengine.

Achieng' alienda Kawangware kwa Mama Gathoni wa kanisa la mawe. Mama Gathoni ni mwenye ploti, yaani vyumba vya kupangisha, na ploti hiyo aliachiwa na mumewe aliyeachiwa na baba yake. Ana goti baya na mdomo mkali, na kila Jumapili anakaa kiti kilekile. Otieno alienda kwa mlinzi mmoja na mkewe wanaoishi karibu na Nyayo Highrise, si mbali na Silanga, watu wa kanisa la Jumamosi. Awuor alibaki Silanga kwa Mama Adhis, muuza mboga anayetoka upande wa ziwa, wa kanisa la ngoma, mwanamke mpana anayecheka kwa mwili mzima. Wote hao ni watu wazuri. Nasema hivyo mapema ili msianze kumtafuta mbaya.

Wiki tatu kabla ya shule kufungwa, Mama Gathoni alinipigia simu.

"Rispa, kuja uchukue huyu msichana wenu. Ananiibia."

Nilipofika alikuwa amekaa mlangoni na sahani ya ushahidi. "Jioni nampa chapati mbili. Anakula nusu, moja na nusu inapotea. Jana nimepata mafuta ndani ya mfuko wa shule. Na mwalimu ananiambia siku zingine mchana hayuko darasani. Anauza mahali."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini na ananiangalia tu kama ukuta? Leo namfuata. Wewe ukitaka kuja, kuja. Ukikataa, naenda na goti langu."

Nikaona heri niwe pale, kama kuna aibu itakayotokea. Wakati wa chakula cha mchana geti la shule lilifunguliwa, Achieng' akatoka akiwa na mfuko kifuani. Tulimfuata kwa mbali. Alishuka hadi Ngong Road, akageuka upande wa mjini, akaenda kwa miguu bila kusimama hata mara moja. Mama Gathoni alichechemea njia nzima akisema kwa Kikuyu maneno ambayo sikuomba kutafsiriwa. "Nilijua ni Toi," alisema tulipoliona soko. "Hapo ndipo vitu vya wizi vinauzwa." Mwenye duka la makoti alimsikia akamjibu, "Shosho, vya wizi tumemaliza asubuhi, rudi kesho." Ilibidi nimshike mkono.

Nyuma ya safu ya viatu kuna uwazi mdogo ambapo wauzaji huweka mifuko mitupu ya mitumba. Otieno alikuwa ameketi hapo juu ya mifuko, amempakata Awuor. Achieng' alipiga magoti mbele yao. Akatoa kifuniko cha sufuria kutoka mfukoni, akaweka chapati juu yake, akairarua vipande vitatu. Otieno alikuwa na omena, vile vidagaa vya ziwani, kwenye karatasi. Akaimwaga katikati. Awuor akafungua mdomo kabla hata hajaambiwa.

"Meza," Achieng' akamwambia. "Bado. Meza kwanza. Sasa Otieno. Sasa wewe tena."

Alikuwa akiwaangalia koo. Kipande chake kilikuwa kidogo kuliko vyote, na mara mbili alikivunja akampa Awuor. Nyumbani kwa bibi yao walikuwa wakila sahani moja, na mkubwa ndiye anayegawa na ndiye anayemaliza. Sisi tulikuwa tumewapa kila mmoja sahani yake, tukadhani tumewaheshimu.

Tulikuwa tumesimama nyuma ya makoti yaliyotundikwa. Nilimgeukia Mama Gathoni nikitarajia makelele. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Hiyo chapati ni ya jana," akasema polepole. Kisha akasema, "Kwani huyu alikuwa anakula saa ngapi?"

Hatukujitokeza. Niliwahi kufikiri ni uoga. Sasa naona tulikuwa na adabu kidogo tu siku hiyo, na tuliitumia yote hapo.

Nilishuka Silanga kwa Mama Adhis. Nilimkuta akikata sukuma wiki. Nilipomweleza, hakushtuka.

"Hiyo omena nampatia Otieno mimi, akikuja kuchukua mdogo wake," akasema. "Awuor hakuli mpaka aone hao wawili. Wiki ya kwanza alinyamaza, hata kulia hakulia. Ningefanya nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeandika kwa kitabu." Akaendelea kukata. "Na mkishaandika, mnasema amina."

Nikarudisha daftari ndani ya mfuko wake wa unga. 

Kamati ilipokutana nilisimama nikasema tumekosea, na mimi ndiye niliyeandika kosa lenyewe. Nilidhani ngumu ni kusema hivyo. Kumbe ngumu ilikuwa baadaye. Kila kanisa lilikuwa limeshampenda mtoto wake. Kanisa la mawe lilikuwa limemshonea Achieng' sare. Mzee wa kanisa la Jumamosi alisimama akiwa na huzuni ya kweli.

"Otieno tumeshamtambulisha mbele ya watu. Wamepiga makofi. Sasa nitawaambia nini?"

Pasta Jerusha alikuwa amezeeka wakati huo, macho yamefifia, lakini ulimi bado. "Waambie tulikosea," akasema. "Wape nafasi, hilo pia watalipigia makofi."

 Wa kwanza kucheka alikuwa mzee mwenyewe.

Ila kukubali kuwaweka pamoja hakukuleta chumba. Familia ya mlinzi ilikuwa na watoto wanne tayari. Mama Adhis alikuwa na mikono lakini chumba chake kilikuwa kimoja, chembamba, na mvua ikizidi maji ya bwawa yanaingia. Mama Gathoni alikuwa na vyumba lakini goti lake lisingeweza kumkimbiza mtoto wa miaka mitatu, na Awuor angemtafuta Mama Adhis. Zilibaki siku nne kabla shule hazijafungwa. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa najiona nikiwapeleka mwenyewe kwenye vituo viwili tofauti.

Mama Gathoni ndiye aliyenipigia simu tena. "Kile chumba cha mwisho," akasema, "cha kuweka mahindi. Kina dirisha. Huyo mama wa mboga anaweza kuja tuongee." Akaongeza, "Lakini aje tuongee kwanza."

Wale wawili walikutana Kawangware, nikawa katikati na kikombe cha chai. Kila mmoja alikuwa amesikia habari za kabila la mwenzake maisha yake yote, na alikuwa amekuja na habari hizo zote kichwani.

"Hapa ngoma hakuna," Mama Gathoni alianza.

"Na mimi sikai mahali mtu ananihesabia ndoo za maji."

"Nani ametaja ndoo?"

"Hakuna haja utaje. Landilodi wote mnahesabu."

Mama Gathoni alikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. "Na zile kanzu nyeupe za kanisa lenu, utaanika wapi?"

"Kwa kamba. Kwani wewe nguo zako unaanika wapi, mbinguni?"

Nilikunja vidole vya miguu ndani ya gambuti. Nje, tulimsikia Achieng' akifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Alikuwa anafagia karibu sana na dirisha. Wote wawili walimsikia, wakashusha sauti kwa pamoja.

"Mara mbili kwa wiki," akasema Mama Gathoni.

"Nini?"

"Ngoma. Mchana. Mlango ukiwa umefungwa."

"Na maji?"

"Maji ukitaka mwaga."

Mama Adhis aliangalia mikono yake. "Mboga nitauzia wapi? Wateja wangu wote wako Silanga."

"Hapo kwa geti. Mimi mwenyewe goti limechoka kwenda soko."

Kodi walipanga wao wenyewe. Sikuuliza, na ninyi mkikutana na jambo kama hilo msiulize. Kuna mambo ambayo watu huyafanya vizuri zaidi mtu wa daftari akitazama pembeni.

Siku shule zilipofungwa tulihama kwa mkokoteni. Juu yake kulikuwa na godoro, meko, meza ya mboga, ngoma iliyofungwa kwa shuka kama mgonjwa, na Awuor aliyekataa kushuka. Otieno alisukuma kwa nyuma. Afisa wa watoto alifika kabla yetu, akakagua chumba, akamuuliza Mama Adhis maswali, akamuuliza Mama Gathoni, kisha akatoka nje akawauliza watoto. Nilimwangalia nikajifunza, miaka yote hiyo baadaye, jinsi swali hilo linavyoulizwa: alichuchumaa. Akaandika barua mpya juu ya goti lake akaniachia nakala.

Nimeingia vyumba vingi vigeni maishani, na najua mtu anavyoingia. Achieng' alijaribu komeo la mlango mara tatu. Alifungua dirisha akalifunga. Alipima kwa hatua kutoka godoro hadi mlangoni. Alimkalisha Awuor pembeni, akamwambia Otieno asitoke. Halafu akasimama katikati ya chumba mikono ikiwa mitupu, kama mtu anayengoja kazi inayofuata, na hakuna aliyempa.

Mama Adhis alikuwa anapika nje. Mama Gathoni alileta sinia moja kubwa ya bati aliyoinunua siku hiyohiyo, akaiweka chini bila maelezo. Ugali ukamwagwa katikati, samaki mmoja juu. Ilikuwa bado saa kumi alasiri.

"Achieng'," akaita Mama Adhis, "kuja ugawe."

Hakuja. Tulichungulia. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa godoro kuvua viatu, akaangukia upande, amelala na kiatu kimoja mguuni. Mdomo wazi, mkono umening'inia, usingizi wa mtoto.

Otieno akamwinamia kumtikisa. "Hatuwezi kula, yeye ndiye anagawa."

"Mwache," akasema Mama Gathoni. Alijishusha sakafuni kwa shida, goti likalia, akavuta sinia karibu, akamtenga samaki kwa vidole vyake na kutoa miiba. Sehemu ya kichwa, ile nono, aliisogeza pembeni na kuifunika kwa bakuli. "Hiyo ni yake. Mtu asiguse. Ninyi kuleni."

Wakala.